Fyuzi Mkononi, Taa Zinawaka

Mtaani walimwita Cherehani. Alikuwa fundi wa nguo, na mashine yake ilisikika tangu asubuhi hadi jioni. Mdomo wake nao ulikwenda vivyo hivyo bila kituo, hata akianza kukueleza jambo usijue pindo limeanzia wapi na litaishia wapi. Lakini aliyemjua vizuri alijua kwamba akili yake kubwa ilikuwa vidoleni. Mota ya cherehani ilipoungua, aliifungua mwenyewe mezani, akaisuka waya upya, ikazunguka. Pasi za majirani, redio, feni, vyote vilipita mikononi mwake. Hakuwahi kukaa darasani kusomea umeme. Alijifunza kwa kufungua vitu vilivyokwisha kufa, kwa sababu, kama mwenyewe alivyopenda kusema, maiti huiui mara ya pili.

Nyumba aliyokuwa akiifufua pamoja na mumewe ilikuwa ya baba mkwe wake. Mzee aliijenga ujanani kwa mikono yake: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, sakafu ya saruji nyekundu na dari ya mbao. Waliihamia baada ya mzee kupigwa na kiharusi. Kiharusi kile kilimwachia upande wa kushoto tu, na kilipoondoka kikabeba na sauti yake. Akili haikuguswa. Macho yalikufuata chumba kizima, yakikuuliza maswali ambayo mdomo ulishindwa kuyatoa.

Mumewe alikuwa seremala, hivyo mbao na milango havikumtisha. Umeme ndio uliowashinda. Fundi aliyekuja kukagua alizigusa waya za zamani zilizovikwa kitambaa, kitambaa kikamomonyoka kama biskuti iliyolowa chai. Palepale akakata umeme mkuu, akasema usirudishwe mpaka kuta zifunguliwe na waya zote zing'olewe. Hiyo ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Wakabaki na taa za mafuta, na mzee akabaki kwenye chumba cha mwisho, mbali na kila mtu.

Asubuhi moja mzee alianguka kutoka kitandani. Cherehani alikuwa anashona nguo za sare chumba cha mbele, mashine, ambayo sasa aliikanyaga kwa miguu, ikipiga kelele, na mtu asiye na sauti angeita vipi? Alipompelekea chai alimkuta kalala kifudifudi, shavu kwenye saruji, macho wazi, machozi yamekwisha kukauka. Alimwinua, akamfuta uso, akambembeleza kama mtoto. Jioni alimsimulia mumewe kwamba baba ameanguka. Jinsi alivyomkuta hakumwambia mtu yeyote.

Habari ikamfikia wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mkunga mstaafu, mwanamke aliyewapokea duniani nusu ya vijana wa mtaa wake na ambaye hakuwa na mazoea ya kurudia neno. Ndiye aliyemlea mdogo wake baada ya mama yao kufariki, na mpaka leo mdogo huyo, mvi zimemjaa, kila alipomwona dada yake anaingia alificha mikono nyuma. Wifi alisema baba aende kwake. Mgonjwa hawekwi kwenye nyumba inayobomolewa. Siku aliyokuja kumchukua, mzee alishika chuma cha kitanda kwa mkono wake mmoja mzima, wakajaribu kumbandua vidole wakashindwa. Basi wifi akatoa muda: mwisho wa mwezi atarudi kuona kwa macho yake. Asipokuta mwanga, na asipokuta njia ya baba kuita watu, atamchukua hata na kitanda chake.

Hapo ndipo Cherehani alipopiga moyo konde. Kama umeme mkubwa umeshindikana, atavuta umeme mdogo. Wakafunga sola juu ya bati, betri kubwa kama ya lori wakaiweka stoo, na kutoka kwenye betri ile zikatambaa waya mbili mbili, nyekundu na nyeusi, juu ya maboriti ya dari, chumba kwa chumba. Volti kumi na mbili tu. Ukizishika kwa mkono mkavu husikii kitu. Mumewe alicheka akauita umeme wa wanasesere, na yeye mwenyewe, moyoni, alikuwa na dharau ileile. Ila aliyemuuzia betri alimwonya neno moja ambalo halikumtoka.

"Hii haikurushi, mama, lakini inachoma. Weka fyuzi hapa hapa karibu na betri, kabla ya kitu chochote. Fyuzi ni mlinzi. Mlinzi akifa usimlaumu, uliza kauawa na nani."

Akaweka fyuzi. Akafunga taa ukumbini, jikoni, chumba cha kushonea na chumba cha mzee. Mwisho akafunga kitufe kwenye chuma cha kitanda, upande wa kushoto, na kengele ikaning'inia juu ya mashine yake. Mara ya kwanza ilipolia alikimbia na sindano mdomoni. Mzee hakutaka kitu. Alipogeuka kuondoka ikalia tena, akarudi, akamkuta mzee anacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki, machozi yanamtoka. Siku ile alikwenda na kurudi mpaka miguu ikamuuma, na hakulalamika, jambo lililowashangaza watu wote.

Siku mbili kabla ya wifi kuja, seremala alimalizia dari ya chumba cha mzee. Kulikuwa na pengo juu ya dirisha, akalifunika kwa mbao mpya, akagonga msumari wa mwisho, akashuka ngazi ameridhika. Na tangu saa ile mzee hakutulia. Aliinua mkono wake wa kushoto akawa anaonyesha juu. Akaguna. Ukimpa maji anageuza uso, ukimshushia mkono anauinua tena. Seremala alimpigia dada yake simu kumweleza. Wifi akasema amewaona wagonjwa wengi, na wengine wakikaribia mwisho huanza kutazama juu. Wajiandae. Atakuja.

Nyumba ikapoa. Cherehani alisahau kuongea. Na jioni ileile taa zote zikazimika kwa pamoja.

Alikwenda stoo na tochi, akakuta fyuzi imekatika. Akabandika ya akiba. Asubuhi nayo ikafa. Hapo akakumbuka neno la muuza betri. Mahali fulani kwenye nyumba hii palikuwa na mwuaji. Siku nzima alifungua viungo, akavuta tepu, akanusa, akapapasa, akapima kwa mita yake ndogo. Taa ya jikoni nzima. Ya ukumbini nzima. Chumba cha mzee hakuweza kupanda, mzee alikuwa akihangaika mno akiona ngazi, na dari yenyewe ilikwisha kuzibwa. Siku ya wifi kufika ilipokucha alikuwa hajapata kitu, na akiba ya fyuzi imekwisha.

Alimwambia mumewe anakwenda dukani kununua nyingine, ndogo ndogo, ili kila chumba akijaribu peke yake.

"Usiguse chochote stoo," alisema. "Bora tukae gizani. Nikirudi natafuta ugonjwa."

Mumewe akaitikia.

Mvua ilimkuta njiani. Mchana ulikuwa umegeuka mweusi, watu wamejibana chini ya vibaraza, naye akarudi katikati ya barabara, mfuko wa plastiki kichwani na fyuzi ngumini. Alipokata kona ya mwisho aliiona nyumba yao, na dirisha la ukumbini lilikuwa linawaka. Moyo ukamruka kwa furaha, kwa kitambo kifupi tu. Miguu ikasimama yenyewe kwenye tope. Ule mwanga haukuwa mweupe kama ulivyozoeleka. Ulikuwa wa manjano, unapepesa, kama jicho la mgonjwa wa homa.

Akafumbua ngumi, akazitazama fyuzi. Kama mlinzi yuko hapa mkononi mwangu, umeme unapita wapi?

Akatupa mfuko, akakimbia.

Wifi yake alikuwa amefika mapema. Alikuwa ukumbini kwenye kiti, mkoba mapajani, na alipomwona Cherehani mlangoni akaanza kuinuka kumpokea, akisema angalau amekuta taa. Cherehani alimpita kama anapita kabati. Tangu aolewe hakuwahi kumpita mkubwa wake bila salamu, na hata katika kukimbia kule alisikia aibu ikimgusa begani. Hakugeuka.

Harufu ilimpokea mlangoni mwa stoo, harufu ya plastiki, kama ya kitana kilichosahauliwa juu ya jiko. Kwenye kishikio cha fyuzi aliiona ile fyuzi iliyokufa imerudishwa, imeviringishwa uzi wa shaba, na shaba ile ilikuwa imewiva nyekundu. Waya iliyotoka hapo ilikuwa laini kama mshumaa, ganda lake linatoa mapovu. Akajaribu kuing'oa kwa vidole, ngozi ikabaki kwenye waya. Spana iko wapi? Iko kwenye sanduku la mumewe, na sanduku liko chumba cha mwisho. Akarudi ukumbini mbio, akampita wifi mara ya pili, akaingia chumba cha kushonea, akakwapua mkasi mkubwa wa kukatia nguo nzito, akarudi.

Akapeleka mkasi. Kisha akajizuia, mkono ukiwa umefika. Waya moja tu. Ukizibana zote mbili kwa pamoja, mkasi wenyewe unakuwa daraja na balaa linaanza upya. Akaitenga nyekundu kwa pindo la gauni lake, karibu kabisa na betri, akakata. Cheche ikaruka, taa zikazimika nyumba nzima.

Katika giza lile akasikia kishindo. Mzee alikuwa anapiga ukuta kwa ngumi.

Alipofika chumbani kwa mzee, wifi alikuwa amemtangulia. Chumba kilikuwa na ukungu mwepesi, na juu ya dirisha moshi ulikuwa ukichuruzika kutoka katika maungio ya mbao kama mvuke wa birika. Seremala alikuwa amempitishia baba yake mikono chini ya kwapa akijaribu kumwinua, na mzee hataki. Amenyoosha kidole angani, anaguna kwa nguvu, mishipa imemtoka shingoni. Wifi alikuwa amepiga magoti kando yake, machozi yakimlengalenga, anamsihi asiwafanyie hivyo, anamwambia wakati wake bado.

Cherehani hakuutazama uso wa mzee. Alikifuata kidole. Hakikuwa kinaelekea juu tu, hivi hivi, kama walivyodhani siku zote zile. Kilikuwa kimelenga, kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano: kona ya dirisha, ubao mpya, kichwa cha msumari.

"Haonyeshi mbinguni," alisema. "Anaonyesha msumari."

Mumewe akaacha kuvuta. Akautazama ubao ule, na uso wake ukabadilika polepole. Mtu anayelala chali mchana kutwa hana kingine cha kutazama isipokuwa dari. Mzee alikuwa amewaona wote wawili, mkwe akipitisha waya zake na mwana akizifunika, na aliona waya zilivyolegea na msumari ulivyozifuata. Kwa siku mbili alikuwa akiwaambia.

Mkono wa mzee ulishuka. Alikuwa amesikika.

Wifi ndiye aliyerudiwa na akili kwanza. Aliamuru washike shuka, si mwili, na kwa hesabu yake wakambeba mzee mpaka ukumbini, wakamlaza sakafuni karibu na mlango ulio wazi. Seremala akarudi ndani na mtaimbo ili aung'oe ubao. Cherehani alimdaka mkono. Moto uliobanwa unafuka moshi tu. Ukiupa hewa unalipuka. Maji kwanza.

Bahati, mvua ilikuwa inanyesha na ndoo zilipangwa chini ya paa kukinga maji. Akaloweka blanketi la mzee, akalitupa begani, akapanda ngazi mwenyewe kwa sababu alikuwa mwepesi kuliko mumewe. Akamwambia sasa. Ubao ulipotoka, moshi mweusi ukamfunika uso, na nyuma ya moshi akaona vumbi la mbao la miaka mingi na viota vya ndege waliokwisha hama, vyote vinameremeta kama makaa, halafu, vilipopata hewa, ulimi wa moto ukanyanyuka ukalamba boriti. Akausukumia blanketi. Akalala nalo, kifua kwenye dari, akikohoa, akisikia joto likipenya hadi mbavuni.

"Ndoo," alisema.

Ndoo ikaja. Hakutazama nani ameileta. Akamwaga, akashusha tupu, ikaja nyingine. Aliendelea hivyo mpaka maji yakawa yanarudi meusi kwenye ngazi na hakuna tena kilichochoma macho. Alipoinamisha kichwa ndipo alipomwona wifi yake chini ya ngazi, amelowa hadi kiunoni, kitambaa cha kichwa kimemtoka, masizi usoni, mikono yote miwili ikiinua ndoo iliyofuata.

Waliketi ukumbini na mzee katikati yao. Kisha seremala akaweka sakafuni msumari aliouchomoa. Ulikuwa mweusi, na ubavuni umeganda shaba, upande huu na upande huu, pale ulipozitoboa waya zote mbili. Akasema bila kumtazama mtu kwamba fyuzi aliiviringisha yeye. Dada alifika, nyumba giza, baba anaonyesha juu, kengele haifanyi kazi. Dada alitazama tu. Akashindwa kuvumilia yale macho. Alidhani ni umeme wa wanasesere.

Wifi hakumgombeza. Alimgeukia Cherehani, na ilionekana anatafuta maneno. Alikuwa amekuja na hukumu yake mkobani, na sasa kila mtu pale alijua kwamba anaweza kuitoa na hakuna wa kumbishia. Lakini Cherehani alimtangulia.

"Mchukue baba, wifi," alisema. "Leo hii."

Mumewe akainua kichwa. Cherehani akaendelea, taratibu, bila ile mbio yake ya kila siku. Alisema waya zimepitishwa kwa mikono yake, zikaachwa zinaning'inia juu ya maboriti kama kamba za kuanikia nguo, bila bomba, bila alama, na yeyote angeweza kuzipigilia. Fyuzi moja akaibebesha nyumba nzima, ndiyo maana alihangaika kutafuta ugonjwa na hakuupata. Nyumba hii haifai kulaza mgonjwa. Itakapofaa, atakwenda kumchukua mwenyewe.

Kisha akamwinamia mzee, akamweleza na yeye, sikioni. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Safari hii hakuwa na chuma cha kushika, lakini alikuwa na mkono mmoja wenye nguvu, na wote walingoja kuona atafanya nini nao. Aliushika mkono wa Cherehani, ule ulioungua, akaugeuza kiganja juu akautazama. Halafu akampa binti yake mkono huo huo wa kushoto ili amwinue.

Wiki zilizofuata mke na mume walifanya kazi kama watu waliokodiwa kutoka miji tofauti. Lete. Shika. Shusha. Maneno yalikuwa hayo tu, na katika nyumba ya mwanamke yule kimya kilikuwa adhabu kubwa kuliko matusi. Walifungua dari yote. Boriti lililoungua wakalikata. Waya zote Cherehani akazivuta nje, akazikagua kwa urefu wake wote, akazipitisha upya ndani ya mabomba, na kila chumba kikapata fyuzi yake ndogo. Mumewe, kabla ya kurudisha ubao, alichora kwa chaki nyekundu mahali bomba linapopita, kisha akangoja apewe ruhusa. Siku moja alisimama hivyo, nyundo mkononi, msumari mdomoni, akingoja kwa unyenyekevu kiasi kwamba Cherehani alijikuta anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Naye mumewe akautoa msumari mdomoni akacheka, na baadaye wakalia kidogo, kwa sababu walikuwa bado hawajalia.

Walipokwenda kumchukua mzee, wifi alifuatana nao. Alizunguka nyumba yote. Aliuliza umeme unakatwa wapi, akaonyeshwa swichi kubwa ukutani, akaizima mwenyewe, akaiwasha, akaizima tena, mpaka aliporidhika kwamba mkono wake umeijua. Mzee aliporudishwa kitandani alifumba macho akalala, mchana kweupe, usingizi wa mtu aliyechoka ugeni.

Mlangoni wifi alisitasita. Alisema, kama jambo lisilo na uzito, kwamba nyumba yake na hii zilijengwa miaka ileile, na fundi aliyevuta umeme alikuwa mmoja. Hajawahi kuita mtu kuangalia. Kama wifi yake ana nafasi, apite aangalie.

Cherehani alikwenda wiki ile ile. Wifi alimshikia ngazi kwa mikono miwili, naye akasukuma kifuniko cha dari, akaingiza kichwa na tochi. Kule juu palikuwa na joto na vumbi, na waya zilizovikwa kitambaa, kitambaa kimekwisha kumomonyoka. Alikaa kimya kwa muda ambao, kwa mtu kama yeye, ulikuwa mrefu sana, na wifi akauliza kutoka chini kuna nini.

"Wifi," alisema Cherehani, bila kutikisika, "nenda kazime swichi kuu. Usikimbie. Ukishazima, rudi unishikie ngazi nishuke."